Pikapu yetu na injini yake ya pili

(Maneno haya yalitolewa na ofisi ya miradi mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili waliokutana Kahama. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Tumeombwa tueleze habari za ile pikapu nyeupe iliyoegeshwa pale chini ya mwarobaini. Wengi mlipoingia getini mliiangalia mara mbili. Wengine mlifungua boneti kabla hata ya kusalimia watu, na hatuwalaumu. Ndiyo, ni ile ile. Ni Toyota Hilux ya kebini moja, ya mwaka 1994, iliyonunuliwa kwa msaada wa wafadhili kwa ajili ya kliniki za mkoba na kazi za visima. Mliizoea ikiwa juu ya mawe nyuma ya ghala, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Tangu Februari 2023 inatembea tena, na injini iliyomo ndani yake siyo ile iliyokuja nayo.

Maswali tuliyopokea ni mawili. Kamati zinauliza: "Mlifanyaje, maana na sisi tunayo moja kama hiyo?" Wafadhili wanauliza: "Kwa nini hamkutafuta gari jipya?" Tutajaribu kuyajibu yote mawili. Lakini itabidi tuanze na swali ambalo hakuna aliyeliuliza, nalo ni jinsi injini ya kwanza ilivyokufa.

Ilikuwa Aprili 2021, mvua zikiwa zimekolea. Tulikuwa tumemaliza kliniki ya mkoba katika kijiji kimoja upande wa kaskazini, kuelekea Kakola. Tulipokuwa tunafunga masanduku ya chanjo, tukaletewa mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Tukatandika godoro nyuma ya pikapu, tukafunga turubai, muuguzi na mama mkwe wake wakapanda naye. Wanaoifahamu njia ile wanajua kwamba sehemu kubwa ni mbuga, ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, na wakati wa masika unashika tairi kama ugali wa moto. Dereva aliingiza gia ndogo akawa anakwenda polepole. Kabla ya nusu ya njia gari likachemsha. Tukasimama, tukangoja lipoe, tukaongeza maji ya mtaroni. Likaenda kidogo, likachemsha tena. Mara ya tatu halikuwaka kabisa.

Mzee mmoja wa kaya ya jirani aliamka usiku ule, akafunga maksai wake kwenye mkokoteni bila kuuliza nauli. Mpaka wanafika barabara kubwa na kupata gari lingine kulikuwa kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatusemi kwamba gari lingefika mtoto yule angeishi. Wauguzi wenyewe hawakutuambia hivyo, na si kazi yetu kukisia. Tunasema tu kwamba gari halikufika.

Wiki mbili baadaye kamati ilikaa. Fundi alikuwa ameshafungua injini na kuleta taarifa: silinda hedi imepasuka kati ya vali, gasketi imeungua, pistoni 2 zimekwaruza kuta za silinda. Rejeta ilikuwa imeziba karibu nusu kwa ukoko mweupe. Geji ya joto ilikuwa haifanyi kazi. Baada ya kusomwa taarifa hiyo, lazima tukiri, watu wote mezani walimgeukia dereva.

Dereva hakujitetea kwa maneno. Aliomba ruhusa, akaenda kwenye gari, akarudi na daftari la safari. Akalifungua mahali pa kwanza. Novemba 2020 alikuwa ameandika: geji ya joto haifanyi kazi. Akafungua mahali pa pili, Januari 2021: geji bado, maji yanapungua. Mahali pa tatu, Machi: maji yanapungua sana, naomba rejeta ifunguliwe. Pembeni mwa kila mstari palikuwa na sahihi ya ofisi, na pamoja na sahihi, muhuri.

Ofisi hiyo ni sisi. Tulisaini kama watu wanavyosaini kitabu cha wageni.

Ndiyo maana jibu letu kwa wafadhili linaanzia hapo. Ni kweli tuliandika barua kuomba gari jipya. Majibu yalikuja kwa upole na kwa ufupi: gari mlilonalo limepatwa na nini, na je, mnao mfuko wa uchakavu? Mfuko hatukuwa nao. Katika bajeti zetu za miaka yote kulikuwa na mstari wa mafuta, mstari wa posho ya dereva, na mstari wa "matengenezo madogo" ambao kila ilipofika Oktoba ulikuwa umeshahamishiwa kwenye semina. Kwa hiyo hata kama wangetupa gari jipya siku ile, tungelipeleka kwenye mawe yale yale. Ingechukua tu miaka michache zaidi.

Katika kikao kilichofuata wapo waliotaka pikapu iuzwe kama chuma chakavu. Wanunuzi wa chuma chakavu walishakuja mara mbili na mizani yao. Mzee mmoja mkulima wa pamba alisimama akasema kwamba kwake jembe la maksai likiisha ncha anabadilisha ncha, hatupi mti wala hauzi ng'ombe. Akauliza: mti wa gari hili uko wapi, na mmeshaukagua? Hapo tukaona kwamba hatujaukagua.

Mti wa gari ni chesesi. Hili tunaomba kamati mlishike, kwa sababu tumeona parokia mbili zikinunua injini kwanza na kugundua baadaye kwamba walichoiwekea ni jeneza. Injini inanunulika. Giaboksi inanunulika. Chesesi iliyooza hainunuliki, na ile namba iliyogongwa juu yake ndiyo gari lenyewe mbele ya sheria. Tulimleta fundi, tukaosha matope yote ya chini kwa maji na brashi, siku 2 nzima, kisha akapita na nyundo ndogo akigonga kila shubiri moja. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo bovu. Palipokuwa pabaya ni pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, mahali ambapo tope hukaa mwaka mzima. Pengine pote palikuwa pazima. Sehemu hizo zikakatwa na kuchomelewa vipande vipya vya unene ule ule, siyo bati la kufunika kovu.

Huyo fundi anastahili maneno machache. Kabla ya kurudi nyumbani alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mgodi mkubwa. Mnajua jinsi migodi ilivyobadilisha ukanda wetu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi ulifanya kazi kuanzia mwaka 2009 mpaka ulipofungwa mwaka 2021. Kwa miaka hiyo karakana nyingi za mjini zililalamika kwamba kila kijana aliyeweza kushika spana vizuri alichukuliwa na migodi, na sisi tulilalamika pamoja nao. Lakini wengine wamerudi, na wamerudi na kitu ambacho hatukuwa nacho. Fundi wetu alituambia kwamba kule mgodini mtambo hauwashwi mpaka mwendeshaji ajaze karatasi ya ukaguzi, na akiandika kasoro ya hatari, mtambo unafungwa hapo hapo mpaka mkubwa wa karakana aje mwenyewe aandike amefanya nini. Siyo asaini, aandike amefanya nini. Tulipomwonyesha daftari letu alinyamaza muda mrefu, akalirudisha mezani.

Sasa tuje kwenye injini. Iliyokuwemo ni ile wanayoiita 2L, dizeli ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446. Njia zilikuwa nne, na kila njia ilikuwa na mtetezi wake kikaoni.

Njia ya kwanza ilikuwa kuifanyia ovaholi injini ile ile: hedi nyingine, kuchonga silinda, pistoni na ringi mpya, kupeleka krenki Mwanza ikasagwe. Hii ilikuwa njia ya heshima, na ingetuepusha na usumbufu wa karatasi. Lakini bloku lilikuwa limeshachongwa mara moja huko nyuma, na fundi alisema nyama iliyobaki ni ndogo.

Njia ya pili ililetwa na dalali kutoka upande wa Geita. Alikuwa na injini safi sana, bei nzuri sana, na haraka sana. Tulipouliza karatasi alisema zitafuata. Mama mhasibu wetu akajibu kwamba na hela zitafuata. Kikao kikacheka, dalali akaondoka. Tusijifanye kwamba hatukuvutwa. Bei ile ilikuwa kama nusu ya nyingine zote. Lakini shirika la kanisa likikamatwa na injini ya wizi ndani ya gari la kliniki, ni nani atakayesikiliza maelezo?

Njia ya tatu ilipendwa na vijana. Walitaka tuweke ile injini kubwa ya silinda 6 ya Land Cruiser, inayoitwa 1HZ, yenye sentimita za ujazo 4,164, "ili mbuga isitusumbue tena." Ni injini ya kuaminika, nusu ya mashirika ya Afrika Mashariki yanaitegemea. Ila ni ndefu na nzito. Ukiiweka kwenye Hilux lazima ukate vishikizi na kutengeneza vingine, ubadilishe giaboksi, springi za mbele zilemewe, breki ziwe ndogo kwa mzigo, na dizeli inywewe kwa kiwango ambacho bajeti ya kliniki haina. Gari likinasa kwenye mbuga mara nyingi tatizo ni tairi na udongo. Nguvu zaidi inalizamisha haraka zaidi.

Tulichochagua ni njia ya nne: injini ya 3L iliyotumika, iliyoingizwa nchini na mfanyabiashara mwenye stakabadhi za forodha. Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, tumbo moja. Ujazo wake ni 2,779, lakini inakaa kwenye vishikizi vile vile na inafungwa kwenye giaboksi ile ile. Pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, haina kompyuta. Na jambo lililotushawishi kuliko yote: tulizunguka maduka ya spea ya Kahama na Shinyanga mjini na orodha ya vitu 10, filta, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, gasketi na vinginevyo, tukavikuta vyote bila kuagiza. Tunaomba kamati zifanye zoezi hilo kabla ya kununua chochote. Injini bora kuliko zote duniani ambayo filta yake inatoka Dar es Salaam kwa basi itakuweka kituoni siku 3 kila mara.

Wazee mliokuwa madereva miaka ya mwanzo ya 1980 mnajua habari hii kuliko sisi. Baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hadithi, magari yaliyoendelea kutembea ni yale ambayo fundi wa kijijini aliweza kuyapatia kitu cha kufanana.

Injini iliyotumika hainunuliwi kwa kuangalia rangi. Tulikataa ya kwanza na ya pili, tukachukua ya tatu. Fundi alitaka iwashwe ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji akiipasha moto kabla hujafika anaficha mengi. Alifungua kifuniko cha kuwekea oili wakati inanguruma, akaangalia kama inatoa moshi kwa mapigo. Ya kwanza ilikuwa inapumua kama mzee mwenye pumu. Akapima kompresheni ya silinda zote 4, akitaka zikaribiane. Ya pili ilikuwa na silinda moja iliyo chini sana. Akafungua sampo akapitisha sumaku chini kutafuta chengachenga za chuma. Na hedi tuliituma Mwanza ikapimwe nyufa kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji alikasirika kidogo, lakini ndivyo mkataba ulivyoandikwa.

Kazi ya kubadilisha yenyewe haikuwa na miujiza. Hatukuwa na mtambo wa kuinulia. Vijana wanaosoma ufundi VETA walichomelea fremu ya mabomba, tukafunga mnyororo wa kapi, injini ya zamani ikatoka asubuhi na ya pili ikaingia siku iliyofuata jioni. Watu walipiga makofi, tukadhani tumemaliza. Ukweli ni kwamba kuingiza injini ni sehemu ndogo ya kazi. Miezi iliyobaki ilikwenda kwenye vitu ambavyo hakuna anayevipigia makofi: klachi mpya, sili ya oili ya nyuma ya krenki, mipira yote ya maji, nyaya zilizoliwa na panya, tangi la dizeli lililokuwa na matope ya miaka, mabomba ya breki yaliyooza. Tulikuwa na kanuni moja, breki kwanza, rangi mwisho. Mkanda wa taimingi tulibadilisha kabla injini haijaingia, ingawa ulionekana mzima. Kwa kawaida unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye injini iliyotumika hujui umeshatembea ngapi. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na umerudi kwenye mawe.

Jambo la rejeta tutalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililoua injini ya kwanza na tunaamini linaua nyingine nyingi katika ukanda huu.

Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Mama yeyote hapa anaujua ule ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya rejeta na ndani ya njia nyembamba za hedi. Kwa miaka tulikuwa tunaongeza maji ya kisima kila siku, na kila siku tulikuwa tunapika ukoko. Siku hizi tunatumia maji ya mvua tuliyokinga, au ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria kwa mahali mradi ulipofika, tukiyachanganya na dawa ya rejeta.

La pili ni themostati. Kwenye injini ya zamani haikuwepo. Kuna fundi aliyeitoa zamani, kwa nia njema, akisema kwamba gari linalochemsha likitolewa themostati maji yatapita kwa wingi na litapoa. Mafundi wengi wanaamini hivyo na madereva wengi wanawashukuru. Lakini themostati ya injini hizi ina kazi mbili. Injini ikipata moto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato ambayo maji hutumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani, haipozwi. Kwenye barabara tambarare hutaona tofauti. Kwenye mbuga, gia ndogo, mzigo mkubwa, upepo hakuna, ndipo utakapoona. Kifaa chenyewe kinaenea kwenye kiganja, na bei yake haifiki hata debe la dizeli.

Tulitaja dizeli. Huko kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo mafuta mengi yanauzwa kwenye madumu, na dumu halijui kama jana lilikuwa na maji. Wakati fulani tatizo kubwa lilikuwa kuchanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali ni nafuu, lakini maji kwenye dumu hayana kodi. Dereva wetu anamwaga maji ya filta ya dizeli kila Jumamosi, na anabeba dumu lake mwenyewe lenye kifuniko.

Kuhusu karatasi, tulidhani ni wiki moja. Kadi ya gari ina namba ya chesesi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, gari linatakiwa kukaguliwa na kadi kurekebishwa TRA, na bima nayo ifuate. Tulipoitoa kadi sandukuni tukakuta jina lililoandikwa si letu. Ni la mradi uliofungwa mwaka 2003. Gari lilikuwa limeingizwa kwa msamaha wa kodi kwa jina la mradi ule, na miaka yote tuliliendesha kama mtu anayelima shamba la marehemu bila mirathi. Kupata barua za zamani, mihtasari ya makabidhiano na sahihi za watu waliokwisha kustaafu kulichukua muda mrefu kuliko injini yenyewe. Tafadhali, mkifika nyumbani, toeni kadi zenu sandukuni msome jina.

Gharama hatutazitaja hapa kwa shilingi, kwa kuwa bei za spea hubadilika kila mwezi na hatupendi mtu aende dukani na bei yetu ya mwaka 2022. Mchanganuo wote pamoja na stakabadhi uko kwa mama mhasibu, na kila mjumbe anaruhusiwa kuusoma. Fedha zilitoka kwenye michango ya parokia baada ya mavuno ya pamba na mpunga, na sehemu ilitoka kwa wafadhili baada ya kuwapelekea nakala za zile kurasa 3 za daftari. Tulisita sana kuzipeleka. Tuliwaza kwamba tunajimaliza wenyewe. Walijibu kwamba ni taarifa ya kwanza kutoka kwetu waliyoisoma mpaka mwisho.

Injini ya zamani nayo iligombaniwa. Mwenye karasha mmoja wa upande wa Rwamgasa alikuja mara 3 akitaka kuiwekea hedi nyingine isage mawe ya dhahabu. Wapo waliosema tusiiuze kwa ajili ya zebaki inayotumika huko kwenye kuchenjua. Wengine wakakumbusha, na ni kweli, kwamba sadaka za Jumapili katika parokia kadhaa zinatoka kwenye karasha hizo hizo. Hatukukubaliana vizuri. Mwishowe tuliwapa vijana wa ufundi waikate waone ndani, na ule ufa wa hedi wameupaka rangi nyekundu. Kama tuliamua sawa au la, bado tunabishana.

Kuna rafiki aliyeuliza kwa nini hatukuweka mota ya umeme, maana huko Arusha baadhi ya magari ya watalii yameshabadilishwa kutoka dizeli kwenda kwenye betri. Ni swali zuri, na tunawaonea wivu kidogo. Gari la safari hurudi kambini kila jioni penye umeme. Letu hulala mahali ambapo jokofu la chanjo lenyewe linatafuta umeme. Labda injini ya tatu.

Sasa linaendeshwaje? Kila idara inayolitumia, iwe afya, maji au kilimo, inalipia kila kilomita, na sehemu ya malipo hayo inaingia kwenye akaunti ya gari ambayo haiguswi kwa semina. Wakuu wa idara walinung'unika mwanzoni, na mmoja bado ananung'unika. Dereva anajaza karatasi ya ukaguzi kila asubuhi, ile aliyoiandaa fundi. Akiandika kasoro kwa wino mwekundu, ufunguo unabaki ofisini, hata kama askofu anasubiriwa. Imetokea mara 2. Mara ya kwanza ilikuwa mkanda wa feni. Mara ya pili ilikuwa geji ya joto iliyoanza kucheza. Ilikuwa waya umelegea, dakika 20 za kazi, lakini gari halikutoka mpaka aliyesaini alipoandika nini kimefanyika. Wageni wetu walichelewa, tukawaomba radhi.

Mwezi Machi 2023 lilipita tena njia ile ya mbuga likitoka kliniki. Dereva alituambia kwamba alisimama kwa yule mzee wa maksai kumsalimia, akamwachia mfuko wa chumvi na sukari, kisha mzee akataka kuona injini. Akaiangalia sana, akauliza inakunywa maji ya wapi.

Daftari la zamani liko kwenye meza pale nyuma, karibu na birika la chai. Zile kurasa 3 tumeziwekea alama ya karatasi. Pembeni yake kuna nakala za karatasi ya ukaguzi, za kutosha parokia zote, chukueni. Na dereva yuko nje kwenye pikapu, anayo funguo, mwenye swali la fundi amwulize yeye.